Simba, Dubu na Uso wa Festus

Jumatatu, 10 Oktoba 1881

Dubu amekwisha. Nilimkabidhi Jumamosi saa sita mchana, na leo wachapaji wameleta nakala ya kwanza. Manyoya yanahesabika. Dubu ni Urusi, kama kawaida. Safari hii kaweka kiganja juu ya ramani ya Asia na kujifanya kalala. Simba — sisi — anamtazama kwa jicho moja.

Nimeandika "sisi". Sitafuta.

Daftari hili litakaa hapa karakana, kwenye droo yangu, chini ya vibao vilivyoharibika. Nyumbani haliwezekani. Louisa, mke wangu, anafuta vumbi hadi nyuma ya saa ya ukutani. Hapa nina dakika ishirini wenzangu wakishuka kula, na mimi husema tumbo langu halipendi pai ya mtaani.

Kazi ni ile ile. Gazeti letu la Kengele hutoa kila wiki katuni moja kubwa ya siasa, kurasa mbili nzima. Bwana Percival Strake huichora kwa penseli juu ya mti mgumu uliosuguliwa ukawa laini kama kucha, nasi tunauchonga. Penye weupe tunatoa mti. Penye mstari tunaacha. Kibao hugawanywa vipande vinne, watu wanne wakachonga kwa pamoja, kisha vipande vikafungwa tena. Mimi napewa vichwa. Miaka kumi na tano sasa — simba, dubu, chui milia wa Bengali, jogoo wa Wafaransa. Hakuna mwingine hapa wa kuchonga manyoya yakaonekana yana joto. Na nyani pia napewa mimi. Nyani ni Ayalandi.

Basi niandike mara moja nipumue. Jina langu si Martin Gerard, wala mimi si mtu wa Liverpool kama wanavyojua hapa. Liverpool nilikaa miezi mitano tu, nikijifunza kuongea kama wao. Mimi ni Martin Geraghty, mtu wa Mayo, Ayalandi.

Nimeliandika. Nimetazama mlango. Hakuna mtu.

Jumatano, 12 Oktoba

Wakubwa wa Kengele hula chakula cha mchana kila Jumatano na kuamua mnyama wa wiki. Leo habari imefika kabla hata hawajanywa kahawa: nyani. Wakulima wa Ayalandi wamegoma kulipa kodi za mashamba, kwa hiyo nyani, ameshika mwenge.

Ned Cobbold, anayekaa meza ya kulia kwangu, amefurahi. Yeye si mtu mbaya. Mke wangu alipougua alinibebea supu kwa mguu kutoka Clerkenwell. Aliniuliza mbele ya wote: wewe wa Liverpool umewaona wengi wakishuka melini, ni kweli wanatembea kwa miguu miwili?

Nikasema, "Baadhi."

Karakana nzima ilicheka. Hata mzee Tuttle. Ilikuwa rahisi mno — neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyopiga chafya.

Mzee Tuttle ni mwenye karakana. Ni baba mkwe wangu pia, na nyumba tunayoishi ni yake. Mwairishi, mtu yeyote wa Ayalandi, hamwajiri hata kufagia. Anasema ukimwingiza mmoja kwenye nyumba yenye karatasi na mafuta, umejichoma mwenyewe. Nikifungua mdomo, sijui kitaanza kuondoka nini: meza hii, kitanda, au Louisa.

Ijumaa, 14 Oktoba

Jana Serikali iliwatia ndani viongozi wa wakulima huko Dublin. Mwenge umefutwa, nyani kawekwa kwenye kizimba, simba kakaa nje kakunja mikono. Nimechonga vyuma vya kizimba kuanzia saa mbili asubuhi. Mistari iliyonyooka inachosha kuliko manyoya. Mkono unataka kupinda.

Bwana Strake amekuja mwenyewe kuangalia, na hakupenda alichoona. Si kazi yangu. Mnyama. Alisema nyani wake amezeeka, kila wiki uso ule ule, wasomaji wameanza kuandika barua. Jumatatu anakwenda bustani ya wanyama kumtazama wa kweli. Akaniomba tufuatane, niyaone manyoya kwa macho yangu.

Siku zote hunisemesha kwa adabu. Huvua kofia akiingia, jambo ambalo hakuna bwana mwingine anafanya humu. Ningependa awe mkorofi kidogo.

Jumatatu, 17 Oktoba

Bustani ya wanyama, Regent's Park. Mvua nyembamba, watu wachache.

Simba alikuwa amelala, na ulimi uko nje. Bwana Strake alicheka akasema ni bahati Warusi hawaji hapa.

Sokwe wamemweka ndani kwa sababu ya kikohozi. Ni jike. Amefunikwa blanketi la kijivu, ameketi karibu na stovu, na mlinzi wake alikuwa anamlisha mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Tulipoingia aliacha kula. Alimshika mlinzi kidole na hakukiachia mpaka tulipotoka. Mlinzi akasema kelele zinamtia hofu, mlango ukibamizwa tu anajificha.

Bwana Strake alimchora nusu saa. Halafu akafunga daftari lake.

"Gerard," akasema, "huyu hafai kabisa. Mtazame. Hana ubaya wowote usoni."

Nikasema labda akiwa na njaa.

"Hapana. Nitahitaji mtu. Mwili wa sokwe, uso wa mtu."

Tulirudi kwa gari la farasi na alinieleza njia nzima kuhusu watoto wake. Nilijibu kila nilipotakiwa kujibu.

Jumanne, 18 Oktoba

Festus yupo London. Mdogo wangu. Nilimwacha ana miaka kumi na miwili, sasa ana thelathini na minne.

Niandike kwa mpangilio. Saa nne asubuhi, sauti kwenye ngazi. Mtu anamuulizia Martin Geraghty. Nilimjua kabla hajamaliza jina — ile "r" ya kwetu, na namna ya kuvuta pumzi kabla ya swali. Cobbold akamjibu kwamba hapa hakuna Geraghty, hapa ni kwa wachonga picha, jaribu kule wanakopakua makaa. Sauti ikasema asante. Nyayo zikashuka, polepole, ngazi za ghorofa zote tatu.

Nilikuwa nachonga ukucha wa tai. Sikuinua kichwa. Ukucha umetoka safi.

Saa saba nilitoka nikamkuta ameketi kwenye ngazi za kanisa la pili kutoka hapa, kofia magotini. Alinitazama ninavyokuja mpaka nikafika.

"Umenenepa, kaka," akasema kwa lugha ya nyumbani. "Nilidhani ni padri anakuja kunifukuza."

Taya lake limepinda. Upande wa kushoto umeingia ndani na mdomo wa chini umesogea mbele. Askari alimpiga na kitako cha bunduki siku walipobomoa nyumba yetu kwa deni la kodi. Aliniambia hivyo kwa sentensi moja, kisha akaendelea na habari za punda.

Mama amekufa. Machi, wiki mbili baada ya kubomolewa. Walikuwa wanaishi chini ya paa la turubai, kwenye ukuta wa bustani ya jirani. Nilimuuliza kama alikuwa ameacha kunitaja. Akasema hapana, alikuwa akiwaambia watu una kazi nyingi.

Karakana aliipata kwa sababu ya simba. Miaka kumi iliyopita nilimpelekea Mama picha moja, simba peke yake, na chini yake kumechapwa jina la Tuttle na jina la barabara. Mama alimtundika karibu na Bikira Maria. Festus hajui kusoma, lakini aliikata sehemu ile yenye jina akaja nayo mfukoni, akiwaonyesha watu njiani.

Aliniuliza kama nilisikia alipoita.

Nikasema sikusikia. Kule juu kuna kelele nyingi.

Kule juu hakuna kelele. Watu saba wanachonga mti kwa visu vidogo kuliko sindano ya viatu. Ukimeza mate, mwenzako anasikia.

Nimempatia kitanda kwa mama mmoja wa Saffron Hill anayepangisha. Nikamwambia asije karakana. Na kama ni lazima anitafute, amuulizie Bwana Gerard. Alilirudia jina mara mbili, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Ni jina zuri," akasema. "La nani?"

Jumatatu, 24 Oktoba

Jana alikuja nyumbani. Sikumwalika. Nilitoka kanisani na Edith — binti yangu, ana miaka tisa — nikamkuta amekaa jikoni anakunywa supu, na Louisa anamkatia mkate.

Alikuwa amebisha mlango wa nyuma akamuulizia Bwana Gerard. Nilisema ni mpagazi, hutubebea vibao. Louisa akasema anaona kabisa ni Mwairishi, lakini wa heshima, amenawa mikono bila kuambiwa.

Edith alimkazia macho. Halafu akamuuliza mama yake, wala si kwa kunong'ona, kama huyu ni Mwairishi wa kweli. Louisa akamwambia ndiyo, acha kumkodolea macho. Basi mtoto akashuka kwenye kiti, akapinda magoti, akaviburuta vidole sakafuni, akazunguka meza anakoroma. Shuleni wanacheza hivyo. Mwendo huo ameuona kwenye picha. Picha zangu zote huzipaka rangi, nyani humpaka kahawia na kijani.

Louisa aliona haya akamkemea. Festus alicheka kwa moyo wote. Alidhani ni mchezo wa watoto tu, akainuka, na yeye akapiga magoti akawa punda, akamzungusha Edith mgongoni jiko zima. Sijamsikia mtoto huyu akicheka vile. Nilisimama mlangoni na Biblia mkononi.

Alipokuwa anaondoka alinipita karibu akaniambia kwa lugha yetu, chini kwa chini, kwamba mtoto ana macho ya Mama.

Louisa aliuliza amesema nini. Nikasema sijui, hiyo lugha siifahamu.

Baadaye, anakunja kitambaa cha meza: "Baba Edith, yule mtu mnafanana kidogo. Hapa, kwenye paji la uso." Kisha akacheka. Nami nikacheka.

Alhamisi, 27 Oktoba

Bwana Strake amemwona.

Kosa langu. Nilimwambia Festus tuonane kwenye ngazi za kanisa nimpe koti, kwa kuwa baridi imeanza kuuma. Bwana Strake akatokea anatoka kwa mhariri wake, na mwavuli. Alisimama. Hakunitazama mimi hata kidogo. Alimtazama Festus kama mtu aliyeona kitu chake kilichopotea.

Akaniuliza ni nani. Nikasema mpagazi, simjui sana.

Akamgeukia, akavua kofia — alimvulia kofia Festus! — akamuuliza kwa upole kama angekubali kuchorwa. Muda wa saa mbili tu, Jumanne, nyumbani kwake Kensington, kuna moto na chakula, na atalipwa.

Festus alinitazama, akitaka nimwambie afanyeje. Neno moja la lugha yetu lingetosha. "Usiende." Lakini Bwana Strake alikuwa amesimama katikati yetu na mwavuli wake, na mimi nilikwisha kusema simjui.

Festus akakubali.

Bwana Strake alipoondoka, mdogo wangu alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu afike. Alisema kule kwetu hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuchorwa. Mama hana picha. Baba hana picha. Kama si mimi na wewe kukumbuka, hakuna anayejua walikuwa na sura gani.

Nilimwambia bwana yule huchora mambo mengi ya ajabu, asitegemee sana. Ndivyo nilivyosema. Mambo ya ajabu.

Jumanne, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Festus alikwenda misa asubuhi, kisha Kensington. Nilimfuata Saffron Hill saa kumi, nikimdanganya mzee kwamba nakwenda kunoa visu.

Alikuwa ameketi kitandani amenyoa ndevu. Amepewa nyama ya ng'ombe, chai, na kipande cha keki alichomletea Edith kwenye karatasi. Bwana ni mpole sana, anasema. Alimwinamisha, akampa fimbo aishike juu, akamwomba aonyeshe meno kama vile amekasirika. Festus hakuweza kukasirika, alikuwa ameshiba. Basi bwana akamwomba aeleze siku waliyobomolewa nyumba.

"Nikaeleza," akasema. "Hapo akaanza kuchora haraka haraka. Akaniambia, kaka, kwamba taya kama hili ni moja katika elfu."

Nikamuuliza bwana alisema picha ni ya nini.

Akasema hakuuliza. Yeye anadhani ni mchungaji, kwa sababu ya fimbo. Jumamosi amealikwa karakana ajione kabla haijachapwa.

Nilikaa kando yake. Nilianza sentensi mara tatu. Mara ya tatu nilimuuliza kama blanketi linatosha.

Jumatano, 2 Novemba

Nyani. Nimemuuliza mzee Tuttle kama si zamu ya dubu. Akasema dubu hana habari wiki hii.

Ijumaa, 4 Novemba

Kibao kimefika saa mbili asubuhi. Wenzangu wote wameinuka kukizunguka kabla ya kukigawa.

Ni kazi kubwa kabisa aliyowahi kuichora Bwana Strake. Namchukia kwa kuwa ni kweli. Simba upande mmoja, ameinua mguu. Katikati mwanamke mwenye nguo nyeupe, ameanguka. Juu yake nyani, ameinama, rungu hewani, meno nje. Mikono mirefu ya manyoya. Kofia ya Festus. Taya la Festus. Na juu ya jicho la kulia, kovu la Festus — alipokuwa na miaka mitano alianguka kutoka kwenye punda, na aliyeambiwa amshike ni mimi.

Cobbold alipiga mluzi. Akasema wiki hii hatachekwa nyani, wiki hii ataogopwa. Mzee Tuttle akasema kichwa ni cha Gerard, wala msiniulize. Kesho saa sita, iwe tayari.

Nimechonga manyoya tangu asubuhi. Mabega, mikono, mgongo. Nimezunguka uso kama mtu anayezunguka nyumba yenye mgonjwa. Chini ya lenzi mistari ya penseli ni mikubwa kama kamba. Natazama mdomo. Kisu kikipita hapa, milimita moja kwenda juu, meno yanafunikwa. Mdomo unafumba. Mtu aliyefumba mdomo na kuinua fimbo anaweza kuwa mchungaji. Anaweza kuwa mtu anayejikinga. Mti ukishatolewa haurudishwi, na hakuna wakati wa kuchora upya.

Bwana Strake ataona kwa nusu dakika. Mzee Tuttle atauliza kwa nini. Na nikianza kujibu hilo "kwa nini" sitaweza kuishia katikati.

Saa saba nimekimbia hadi Saffron Hill. Nilimkuta mlangoni anamenya viazi na mama mwenye nyumba, wanataniana kuhusu maganda. Nikamvuta pembeni nikamwambia kesho asije. Akauliza kwa nini. Nikasema mzee hapendi wageni. Akasema lakini amealikwa na bwana, na bwana ni mkubwa kuliko mzee, si ndiyo?

"Festus, usije tu."

Alikigeuza kiazi mkononi.

"Unanionea aibu, kaka," akasema. Hakuwa anauliza. "Sitakuita kaka mbele yao. Nimekuahidi, na sitasahau. Nataka tu kuona sura yangu."

Nilikuwa na nafasi ile, na uso wake mbele yangu. Nikarudi kazini.

Jumamosi, 5 Novemba

Saa tatu asubuhi. Nimewahi. Wenzangu wako dirishani. Leo ndiyo siku ya kuchoma sanamu za yule msaliti wa zamani aliyetaka kulipua Bunge, mtaani watu wamekwisha kuanza kupita nazo kwenye viti na mikokoteni, zimejazwa majani makavu. Cobbold anazihesabu. Anasema tatu zina uso wa nyani, na mzee anasema hiyo ndiyo heshima ya kazi yetu, imefika mpaka mtaani.

Uso bado. Simba amekwisha, mwanamke amekwisha, rungu limekwisha. Wananingoja mimi. Mzee amepita nyuma yangu mara mbili. Mara ya tatu aliweka mkono begani kwangu, akasema, "Mwanangu, mkono umechoka?" Hajawahi kuniita mwanangu. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa, mkwe tu.

Nimeanza jicho la kushoto.

Saa tano. Naandika juu ya goti. Mzee ameshuka kuwatuliza wachapaji, wengine wamerudi dirishani. Nina dakika chache.

Amekuja.

Aliingia na Bwana Strake, mkono wa bwana uko mgongoni kwake. Bwana akatangaza kwa furaha kwamba huyu hapa ndiye aliyetupa picha yetu, mpisheni. Wote wakampisha. Festus alikuwa amechana nywele kwa maji. Alipita mbele ya meza ya Cobbold, akasema samahani, akafika kwangu. Nilitaka kukifunika kibao kwa mikono. Mikono ilikuwa kibaoni, ikishika kazi.

Akainama. Mwanga wa taa, uliokusanywa na tufe la kioo lenye maji lililo mezani kwangu, ulikuwa umeangukia kichwa cha nyani, palepale.

Alitazama kwa muda mrefu. Nilisikia pumzi yake ikipita kwenye taya lililovunjika, ina mlio mdogo. Aliigusa kofia kwanza — ile ya kwenye picha — kwa kidole, kama anayeuliza. Kisha kovu. Kisha mikono ya manyoya, ambayo mimi ndiye niliyeichonga jana, unywele mmoja mmoja.

Cobbold akasema, "Anautafuta mkia."

Walicheka. Bwana Strake hakucheka. Aliona haya kidogo, akasema haya ni mambo ya sanaa, rafiki, si wewe, ni nchi tu.

Festus akainua macho. Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na nilijua anataka kusema nini, na nilijua ana haki. Nilingoja. Naapa nilikuwa nalingoja neno lile. Nilitamani alitamke yeye, limalizike, mimi niwe sina tena la kuchagua.

Akasema kwa Kiingereza, taratibu, ili asikosee:

"Wewe ndiye unayechonga, bwana?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

"Basi chonga vizuri."

Akamshukuru Bwana Strake kwa nyama ya Jumanne. Mlangoni akavaa kofia. Akasimama. Akaivua tena, akaigeuza mkononi akiitazama, akaikunja akaitia mfukoni, na kushuka kichwa wazi. Ngazi zote tatu, niliisikia kila moja.

Bwana Strake alisema ni mtu mtulivu kuliko alivyotarajia. Kisha akaangalia saa.

Nilikwenda dirishani. Alikuwa anavuka barabara kati ya watoto na sanamu zao. Mmoja akamwinulia sanamu usoni na wenzake wakashangilia. Hakusimama. Aligeuka kulia, kuelekea gati la meli, si kushoto kwenda Saffron Hill. Koti nililompa hakulivaa.

Naweza kumkimbilia. Mlango uko wazi, hakuna aliyenishika. Dakika tano na nitamfikia, anatembea polepole. Nimeinuka mara moja. Cobbold akauliza kama nataka maji. Nikakaa.

Saa sita kasoro dakika kumi na saba. Mzee anapanda, nasikia funguo zake. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limekwisha, na kovu nimelichonga, limetoka lilivyo hasa. Bwana Strake alikuwa ameinama nyuma yangu, anapumua shingoni mwangu, akasema sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii, kisha akaenda dirishani.

Mdomo bado.